Aliyekuwa Akishuka Kabiria

Mjukuu wangu Nekesa,

Mwaka wa 1969 nilipoteza nusu saa ya kila jioni, na hadi leo hakuna aliyenifidia. Nyumbani tu wazima. Nyanya yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini, tangu uhame Nairobi uende Kitale, unafika nyumbani mapema halafu unabaki umekaa ndani ya gari. Mimi mwaka huo nilihamishwa mtaa wa Kabiria nikaletwa huku Woodley, karibu na mji, safari ya kutoka kazini ikapungua nusu. Njiani nilizoea kugombana kwa sauti na marehemu kaka yangu, aliyekuwa amekufa kabla hatujapatana. Kila tulipofika Kabiria alikuwa ameshanyamaza, nami nikashuka peke yangu.

Jioni ya kwanza Woodley, nyanya yako alichungulia dirishani.

“Baba Wafula, mbona mgeni wako hashuki?”

Nilikuwa peke yangu.

Jioni ya pili akasema, “Huyo mtu wako mkaribishe ama umrudishe.”

Kesho yake nikaipita nyumba, nikaendesha hadi Kabiria kwa petroli ya mfuko wangu, nikarudi. Nyanya yako akafungua mlango, akatazama nyuma yangu. “Leo umekuja mmoja.”

Sasa wewe unaendesha dakika sita tu. Nijibu kabla ya Jumamosi, bila kuzunguka: ukishazima gari, ni nani bado anaongea?

Babu yako