Kofia ya Babu Yaingia Makumbusho

Kasansa, Mpimbwe,
Katavi.
14 Julai 2025

Mpendwa Kaka Optatus,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Huko Mtwara mnaendeleaje? Wifi Lucia na watoto hawajambo? Na mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi ni wazima, ila mama anakohoa kwa vumbi la mpunga. Ukimwambia aende zahanati anasema zahanati imejaa wagonjwa.

Mpunga umekubali mwaka huu, tunashukuru Mungu.

Sasa ile habari uliyokuwa unaiuliza kwenye simu. Lile boma la Mjerumani kando ya mto, tulilokuwa tunakatazwa kuingia kwa ajili ya popo, limepakwa chokaa na kuwa makumbusho ya vita. Kuna mzinga mmoja wenye kutu, minyororo ya wapagazi, na kibao cha kuwatahadharisha wageni na viboko wa mtoni. Mhifadhi ni kijana mpole kutoka Dar, anaitwa Nathanael. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya askari wa zamani, mama akamtolea koti la Babu Telesphor na ile kofia ya chuma aliyorudi nayo kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani. Nathanael aliipokea kwa glovu nyeupe. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma, maana asubuhi hiyo hiyo kuku walikuwa wameinywea maji.

Unajua kwa nini mama hakubisha. Babu, baba yake, alizikwa masika, daraja limesombwa, na watani zetu Wanyamwezi hawakuweza kuvuka kuja kufanya utani wa msibani. Hakuna aliyemwigiza marehemu, hakuna aliyelala kaburini kudai jogoo. Watu walilia tu wakatawanyika. Miaka yote hii mama anasema babu alizikwa kama mpita njia, na inamuuma sana. Alitaka angalau jina lake lisomwe mbele za watu.

Siku ya ufunguzi tulikaa kwenye viti vya plastiki tukimngoja mgeni rasmi, mama na kitenge chake kipya. Koti na kofia vilikuwa vimelazwa kwenye sanduku la kioo, halijafunikwa bado, na maua pembeni. Mara akaingia Mzee Kasimiri, mtani wetu. Akachungulia sandukuni, akatugeukia.

"Nyie Wapimbwe! Mnamzika huyu mara ya pili, na bado hamtuiti?"

Nathanael hajafungua mdomo, mzee ameshavaa koti, ameshavaa kofia, anaburuta mguu wa kulia vilevile kama babu. Akampigia saluti mgeni rasmi aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Akashika kipaza sauti, akaapa kwamba mguu ule haukupigwa risasi na mtu, babu alianguka na baiskeli akitoka kilabuni. Na Nathanael alishaandika ukutani kwamba alijeruhiwa vitani! Kisha akajilaza mlangoni: haingii mtu mpaka apewe jogoo.

Nathanael, maskini, hajui utani wetu. Akaita askari polisi. Askari mwenyewe kumbe Mnyamwezi. Alipoelezwa, alivua kofia, akasimama karibu na Kasimiri, akauliza jogoo yuko wapi.

Nilimtazama mama nikiogopa ameaibika. Alikuwa anacheka, kaka, ameshika kiuno, machozi yanamtiririka. Akanituma nyumbani na bodaboda nikakamate jogoo, na mgeni rasmi akasubiri juani kama sisi. Mama alimkabidhi Kasimiri jogoo kwa mikono miwili. Mzee akavua kofia, akaifuta kwa kiganja, akairudisha mahali pake taratibu. Jina la babu lilisomwa baadaye, lakini mama hakulisikiliza hata. Alikuwa anapiga soga na Kasimiri.

Njiani kurudi alinishika mkono, akasema, "Sasa baba amezikwa." Nami nililia.

Maelezo ya ule mguu hayajafutwa. Mama amemwambia Nathanael ayaache, eti baiskeli nayo ni vita.

Tusalimie wifi Lucia, Gervas na mdogo wake Cecilia. Shangazi Emerensiana anakusalimu sana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Kuhusu Krismasi, kaka, njoo, ila njoo na kitoweo chako. Jogoo niliyemkamata ni yule mwekundu tuliyekuwa tumekuwekea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Aneth