Kwa Nini Hunywi Chai kwa Babu Maulid?

Sparkbrook, Birmingham
12 Oktoba 2025

Mpendwa Babu Ishaka,

Shikamoo, mchumba wangu wa Tabora! Macho yanaendeleaje? Sisi wazima, ila mwanangu Iman ana mafua. Ukimsalimu kwenye simu anakuelewa, basi tu anajibu Kiingereza. Mvumilie.

Babu, jirani yetu Ranjit, dereva mstaafu wa treni, anapenda sana habari za wafanyakazi wa reli wa zamani. Ananiambia mwaka 1911 reli za nchi nzima ziligoma. Mwaka 1913 watu wa reli wa hapa Birmingham wakakataa kugusa mizigo ya Dublin, kisa wafanyakazi wa huko Ayalandi wamefungiwa kazi na waajiri wao. Watu wasiowajua hata sura!

Akaongeza jambo dogo likaninyima raha. Wazee aliowakuta kazini walimwambia kuwa aliyeingia kazini wakati wa mgomo, wenzake hawakunywa naye chai tena mpaka anastaafu.

Nikakukumbuka wewe. Mgomo wa reli wa huko nyumbani wa 1960 mlikuwamo wote wawili, wewe na mdogo wako Babu Maulid. Tangu nipate akili, kwake huli wala hunywi. Iwe Idi, iwe msiba, unakaa barazani na kusema tumbo linakusumbua. Tumbo gani hilo la miaka sitini na tano, Babu? Ni yeye aliyeingia kazini? Au ni wewe?

Nauliza kwa sababu sisi wasafisha mabehewa tunagoma Alhamisi. Truphosa, yule Mkenya aliyenitafutia kazi hii, kasema ataingia. Analea watoto watatu peke yake na kodi haingoji. Wenzetu wameshaapa kutomsemesha. Mimi nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Nimeamua. Alhamisi nitasimama nje na wenzangu, hata mvua inyeshe. Ijumaa nitakunywa chai na Truphosa mbele ya wote, na atakayenuna anune.

Mama kaniambia Babu Maulid hanyanyuki tena kitandani. Sikufundishi, Babu, mimi mtoto. Ila mimi na Truphosa tuna Ijumaa. Babu Maulid sijui kama anayo.

Nisalimie Bibi Mwanakhamis, na Mama mwambie barua yake imefika. Mwenyezi Mungu akulainishie moyo na akutunze.

Mjukuu wako akupendaye kwa utani na kwa kweli,
Asmahan