Kaka amesoma kijitabu cha nesi

Mjinga wa leo ni mimi, na usianze kucheka.

Kile kijitabu cha nesi, cha familia zinazouguza mgonjwa wa akili, nilikisahau mezani. Kaka akakisoma chote.

Nimerudi kutoka kazini, nakuta droo ya jikoni tupu. Visu vyote havipo. Hata mkasi, hebu fikiria.

Nikamuuliza viko wapi. "Nimempa fundi cherehani, jirani. Kitabu chenu kinasema vifichwe."

Nikamjia juu. Sasa vitunguu tukate kwa meno? Na kuvificha ni kazi yetu, si yako. Mwaka mzima vimekaa humo salama, leo kuna nini?

Hakuinua hata macho. "Sauti nazisikia mimi, mdogo wangu. Wewe ungejuaje kuwa siku yenyewe ni leo?"