Jini Alichelewa Kubusu

Shoga, uko? Nimejifungia stoo ya saluni. Nimemwambia mama mkwe nafuata taulo.

Nywele zake zimebaki mkononi mwangu. Si utani! Nimemwosha ile dawa ya kulainisha, fungu zima likang'oka kama nyasi mbichi.

Chanzo ni riwaya ninayoisoma, ya msichana na jini wa kisimani. Jumamosi mama anakuja kwetu kumposea mwanawe, akataka aje kichwa kimependeza. Nimempaka dawa, akasema, "Nisomee kidogo wakati inashika." Nikafungua pale jini anapomshika msichana kidevu.

Wakati wa kuiosha dawa ukafika. Nikasema, "Mama, tuoshe."

"Tuoshe nini, na mwenzetu hajabusiwa? Soma!"

Nikamuuliza, "Haikuwashi?"

"Inawasha. Mapenzi nayo si yanawasha? Soma, mwanangu."

Na mimi, ambaye sibandui jicho kichwani kwa mteja, nikasoma! Ningemkataliaje mama mkwe ambaye hata posa hajaleta?

Utosi wote uko wazi, shoga. Bado hajajiona, nimemgeuzia kiti akipe kioo mgongo. Nitamwambia nini? Na mwanawe je, nitamwambia mama yako nimemnyonyoa?

Ngoja, ananiita.

Anasema, "Mkwe, taulo gani hilo lisilopatikana? Njoo na kitabu, usinikatishe utamu."

Kwa sauti ya upendo kabisa, shoga. Kaniita mkwe.

Naenda. Zimebaki kurasa chache tu kitabu kiishe. Nitazisoma polepole.