Picha Yako Haipo Hapa, Daktari

Mwaka umeshazunguka, Daktari, tangu ulipotuacha, na hasira hazijatuisha. Tulidhani tungekuandikia maneno laini kama wengine wanavyowaandikia marehemu wao katika ukurasa huu wa gazeti. Tulijaribu. Mumeo aliyasoma yale ya kwanza, akavua miwani, akasema, "Huyu mnayemwandikia hapa mimi simjui. Mke wangu alikuwa na mdomo." Basi tukayachana, tukaanza upya.

Ulikuwa daktari wa meno, na nyumba nzima ilikuita Daktari, hata wanao, hata mumeo aliyekuoa ungali mwanafunzi. Yeye ni fundi wa friji, mtaa mzima unamwita Barafu. Ulipenda kuwaambia wagonjwa kwamba wewe unatia ganzi na mumeo anagandisha, kwa hiyo kwenu hakuna kinachouma. Uliongea muda wote mkono wako ukiwa kinywani mwa mtu, ukimuuliza maswali ambayo hakuweza kuyajibu. Watoto walikuogopa mpaka wakalie kile kiti. Wakishuka walikuita shangazi. Mtu akija anaumwa, hukumuuliza katoka wapi wala anamuunga mkono nani. Ulimwambia, "Panua," ukaangalia.

Jumamosi, mgonjwa wa mwisho akishaondoka, chumba cha kungojea kiligeuka ukumbi wa Kamati ya Amani. Uliianzisha mwenyewe, pale mataifa makubwa yalipoanza kudondosha mabomu katika nchi ya jirani na kutishia kuingiza jeshi zima, eti kwenda kuwaokoa watu. Mlikaa kwenye yale mabenchi ya plastiki, chini ya mchoro mkubwa wa jino lililopasuliwa katikati, mkapanga maandamano. Barafu si mtu wa mikutano. Alikuwa akileta chai, anasikiliza kidogo mlangoni, anarudi kwenye friji zake. Lakini kwa wateja alijigamba: "Mke wangu anapigana na ndege."

Kila mkutano ulianza kwa dakika moja ya kimya kwa ajili ya waliouawa kule. Ni jambo dogo sana. Mnasimama, mnainamisha vichwa, mnakaa. Nani angedhani watu wazima wanaweza kugombana kwa sababu ya kunyamaza? Ninyi mliweza.

Ilianza siku alipokuja fundi cherehani, mkimbizi kutoka nchi hiyohiyo. Ulikuwa umemng'oa jino wiki ile, ukamkaribisha. Kabla hamjasimama, akanyoosha mkono.

"Samahani, wakubwa. Hicho kimya ni cha waliouawa na ndege tu? Kaka yangu alichukuliwa na askari wa mtawala wetu wenyewe, hakurudi. Na yeye yumo?"

Aliyemjibu ni Mhadhiri, katibu wako, yule ambaye wewe ndiye uliyemfundisha hata namna ya kushika kipaza sauti.

"Ndugu yangu, pole sana. Lakini ukimtaja mtawala wenu leo, unawapa mabeberu kisingizio. Kesho watasema hata wapigania amani wanakubali kwamba ni muuaji."

"Kwani si muuaji?" ukauliza.

"Daktari, wakati wa hilo utafika."

"Wakati wa nani? Wa maiti?"

Barafu alikuwa mlangoni na birika. Anasema hajawahi kukuona umekunja uso vile, hata siku umeme ulipokatika drili ikiwa mdomoni mwa mtu. Uliwaambia waziwazi: hutaki jeshi la kigeni likanyage kule, hutaki yule mtawala aendelee kuchinja watu wake, na hutasema la kwanza bila la pili. Wakasema umelegea. Mmoja akakuita kibaraka. Wakapiga kura, wakakuvua uenyekiti humohumo ndani ya kliniki yako, juu ya mabenchi yako, vikombe vya mumeo vikiwa mikononi mwao. Halafu wakasimama kunyamaza, kila mtu na maiti aliowachagua.

Ungetegemea fundi cherehani awe upande wako. Wapi! Alijiunga na kundi jingine, lililotaka jeshi la kigeni liingie, tena upesi. Ulimfuata hadi kibandani kwake. Mlizozana mpaka wateja wakachukua suruali zao ambazo hazijapindwa wakaondoka.

"Mama, wewe kwako kunalalika," alikuambia. "Mimi atakayemwondoa yule, hata awe shetani, nampokea."

Ukamwambia bomu halimuulizi mtu yuko chama gani. Akakuita mtetezi wa muuaji. Kwa hiyo kwa hawa ulikuwa kibaraka wa mabeberu, kwa wale mtetezi wa muuaji, na pande zote mbili zilikuwa zinatafunia meno uliyoyatibu wewe.

Hapa acha tukugombeze na wewe kidogo. Ulikuwa unaumwa tayari, ukatuficha. Ulikwenda kwenye maandamano ya hawa, ukaenda na kwenye ya wale, ukitembea nyuma peke yako na kipande cha kadibodi chenye sentensi zako zote. Ulizomewa kotekote. Mumeo alikusihi ubaki nyumbani. Ukamuuliza, "Nikibaki, nani atabeba?" Akasema, "Mimi," mtu ambaye hajawahi kuandamana hata kudai maji ya bomba. Ukacheka sana, ukamwambia angekishika juu chini. Kwa nini hukumpa, Daktari? Pengine tungekuwa nawe mpaka leo. Tunakupenda, lakini hilo hatujakusamehe.

Ulipolazwa hospitali hawakuja. Si wa kundi hili, si wa lile. Kila mlango ulipofunguka uligeuza kichwa. Barafu alikuambia wamepiga simu kukusalimu, ukatulia. Hakuna aliyepiga. Alikudanganya kwa sababu hakuweza kuvumilia kukuona unatazama ule mlango.

Lakini mazikoni walijaa! Mhadhiri alitangaza kwamba ulipinga uvamizi wa kigeni hadi pumzi yako ya mwisho. Kiongozi wa kundi la pili akamnyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwamba uliwatetea waliochinjwa na mtawala hadi pumzi yako ya mwisho. Wakavutana pale, udongo bado mbichi, kila mmoja na nusu yake, mpaka dada yako mkubwa alipokwenda kuchomoa waya wa spika.

Tangu hapo jeshi la kigeni limeingia. Soko la mji wa fundi cherehani liliungua na watu wake. Mtawala bado yuko ikulu, bado anachukua watu majumbani mwao. Na makundi yale mawili bado yanabishana nani alikuwa sahihi.

Juzijuzi Mhadhiri alikuja nyumbani na bango. Lilikuwa na uso wako unacheka, ile picha ya siku ulipofungua kliniki, na chini yake maneno manne: "Jeshi la kigeni nje!" Alitaka ruhusa ya kulibeba kwenye maandamano ya leo, siku ya kumbukumbu yako, na alitaka mumeo aketi jukwaani. Barafu alimpa kwanza chai, maana adabu ni adabu. Kisha akalikunjua bango mezani.

"Na lile la pili liko wapi?"

"Lipi, mzee?"

"Unalijua."

Mhadhiri akakohoa. "Nafasi haikutosha."

Barafu akalikagua lile bango kwa macho, kama anavyokagua friji kujua itapita mlangoni au haitapita. "Uso ndio umekula nafasi. Toa uso, weka maneno."

Mhadhiri akadhani anataniwa. "Mzee wangu, watu wanakuja kwa ajili ya uso."

"Alipokuwa na mdomo mlimnyamazisha. Leo hana mdomo ndiyo mnamtaka awasemee. Toka nyumbani kwangu." Mhadhiri alipoinuka, Barafu akaongeza, "Na kikombe kiache hapo."

Kundi la pili halikuomba hata ruhusa. Tuliamka tukakuta uso wako umebandikwa kuta za mtaa mzima, picha ileile, na chini yake: "Dunia iingilie kati!" Barafu alichukua ndoo ya maji na kikwangulio, akaanza kubandua, bango moja baada ya jingine, mchana kweupe, watu wanamtazama. Kuna waliomwambia aache, mzee mzima anajidhalilisha. Akaendelea kukwangua. Alikuwa kwenye ukuta wa duka la viatu fundi cherehani alipomkuta.

Fundi hana kundi tena. Mama yake alikuwa sokoni siku ile ndege zilipopita. Alisimama pale, mikono imening'inia, hajui aanzie wapi. Barafu hakumkumbatia. Alikuwa hajasahau ulivyorudi kutoka kibandani kwake ukilia kwa hasira. Alimuuliza tu:

"Una hasira na nani?"

"Na wote, mzee."

"Basi shika ndoo."

Wakaenda nayo mpaka mwisho wa mtaa.

Ndiyo maana, Daktari, picha yako haipo hapa. Gazeti lilitutengea nafasi yake, na dada wa matangazo alipiga simu kuuliza kama tumesahau kuituma. Hatujasahau. Tunayo sebuleni, tunaitazama kila siku, na ulikuwa na sura ya kuonyeshwa. Inatuuma kuwanyima wanaokupenda. Lakini wakiipata wataikata tena na kuiwekea maneno yao. Mahali pa uso wako tumeweka maneno yako mwenyewe, na anayeyataka ayachukue yote au ayaache yote:

"Jeshi la kigeni lisiingie. Mtawala aache kuua watu wake. Sitasema la kwanza bila la pili."

Unakumbukwa na mumeo, Barafu. Na wanao, wakwe zako na wajukuu. Na dada yako mkubwa, ambaye bado hajaomba radhi kwa ule waya. Na wagonjwa wako. Na fundi cherehani, anayekula nasi siku hizi, ingawa yeye na Barafu hawajapatana juu ya jambo lolote. Kamati hazimo katika orodha hii, na hazikuachwa kwa bahati mbaya.

Hatutakusahau kamwe, Daktari, wala hatutakubali mtu akukumbuke nusu.