Mgeni Aliyesahauliwa Mchangani

Merzouga, katikati ya Julai

Kaka Bassou,

Huku tu wazima, ila joto limetuchosha. Wageni wa kiangazi wamejaa, kila mmoja anataka kufukiwa kwenye mchanga wa moto ili maumivu ya viungo yamtoke. Jioni kuna ngoma hotelini, lakini mimi siendi. Nikikaa tu, nasinzia.

Juzi Baba alimfukia mama mmoja wa Casablanca, akamwacha kichwa tu nje, kisha akarudi nyumbani kunywa chai.

Nikamuuliza, "Baba, mgeni umemwacha na nani?"

"Mgeni gani?"

Nilikimbia, nikamfukua kwa mikono. Nilimkuta hai, midomo imemkauka. Alipokwisha kunywa maji akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mzee wako asiachwe peke yake."

Sasa nafukia wageni mimi. Leo Baba alisimama akinitazama, halafu akaniuliza, "Binti, kazi hii umefundishwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Basi ni fundi kweli huyo. Ukimwona, nisalimie."

Njoo, kaka. Nimechoka.

Dada yako,
Itto