Magonjwa Uliyoyajua Wewe, Dada Zuhura

Mpendwa dada Zuhura,

Juzi nilikuwa Vihingo, nikapita kaburini kwako nikakusomea Yasini. Mengine nimeona niyaandike.

Nakumbuka miezi yako ya mwisho. Ulianza na mkanda wa jeshi ubavuni, ukafuata utando mweupe, kuanzia ulimini hadi kooni. Nilikunywesha uji kwa kijiko, nawe ukifumba macho kabla ya kumeza. Majirani walisema umerogwa. Wewe ukaniambia, "Mwanahawa, ukiumwa usijifiche kama mimi."

Nilijificha. Miaka mingi baadaye nilipimwa Kibaha, nikakutwa na virusi vya Ukimwi, nikaanza dawa, nikanawiri. Kisha nikaolewa na Shabani, fundi baiskeli wa Maili Moja, nami sikumwambia. Nikaacha vidonge asije akaviona.

Mimi sikupata mkanda wala utando. Kiliniuma kichwa wiki mbili, shingo ikakakamaa, mwisho nikawa simtambui mume wangu. Hospitali walinitoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta fangasi wamefika kwenye ubongo. Nilipopata nafuu daktari aliniambia, "Ugonjwa huu siku hizi nauona zaidi kwa walioacha dawa."

Shabani alikuwa kando ya kitanda. "Uliniogopa mimi kuliko kufa?"

Akatoka, nikajua ndiyo basi. Alirudi baadaye amebana pamba kidoleni. Alikwenda kupima, na hakuwa na virusi. Alininunia siku nyingi, na ilikuwa haki yake. Lakini tangu siku ile hajawahi kuniacha niende kliniki peke yangu.

Dada, ungeiona foleni ya kliniki sasa. Wapo bado wenye kifua kikuu, sikudanganyi, na hao tunawaombea. Ila wengi wetu tumekaa kwenye benchi tukilalamikia magoti na sukari. Jumatatu nesi alinipima akasema, "Mama, virusi havionekani kabisa kwenye damu. Ila una presha. Punguza chumvi."

Nilinung'unika njia nzima kurudi nyumbani. Shabani akanipikia mchicha usio na ladha yoyote. Nikiwa katikati ya sahani nikakumbuka kwamba nina miaka hamsini na mbili, na wewe uliondoka na thelathini na moja. Nikaumaliza wote.

Mungu akulaze pema.

Mdogo wako, ambaye sasa ni mkubwa kwako,
Mwanahawa